Kurekodi sauti Mkuyuni bila studio: anza na simu, laptopu ya kuazima na programu huria

Mtu aliyekuwa na miaka 15 pale Waluguru walipokataa kuchimba matuta ya mkoloni mwaka 1955, alizaliwa mwaka 1940. Piga hesabu mwenyewe leo ana umri gani.

Mzee wa namna hiyo, kama bado unaye nyumbani Mkuyuni au kule Matombo, ana mambo ambayo hayapo kwenye kitabu chochote. Anajua nani alikimbilia mlimani, nani alikamatwa, na watu walikuwa wanaimba nini shambani. Siku akiondoka, anaondoka nayo.

Kumrekodi vizuri hakuhitaji studio ya mjini. Kunahitaji simu uliyonayo, laptopu hata ya kuazima, na programu ya bure. Na kama wewe unachotaka ni kurekodi kaswida, kwaya, mistari yako ya hip hop au podikasti ya bei ya ndizi na mananasi, hatua ni zilezile.

Kwa nini huria, kwa nini siyo kraki

Kijana akitaka kuanza mambo ya sauti, kawaida anamfuata jamaa mwenye flashi. Anawekewa programu ya kulipia iliyovunjwa ufunguo, ile tunayoiita kraki. Inafanya kazi. Mpaka siku inapogoma.

Mimi nilifanya hivyo nikiwa chuo. Nilikuwa na mahojiano ya dakika 40 na mzee mmoja kuhusu hayo mambo ya matuta, nikayahamishia kwenye laptopu na kuyafuta kwenye simu ili nipate nafasi. Wiki hiyohiyo nikapakua kraki ya programu ya muziki. Kesho yake mafaili yote yalikuwa yamebadilika majina, hayafunguki, na kwenye kioo kuna ujumbe wa kudai pesa. Sikuwa na nakala nyingine. Mzee alifariki kabla sijapata nauli ya kurudi.

Kosa kubwa hapo lilikuwa langu, kufuta faili la kwanza. Lakini virusi viliingia na kraki.

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi. Mtu yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuisambaza programu bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo hakuna ufunguo wa kuvunja. Unaichukua kwenye tovuti yao wenyewe, unamgawia rafiki kwa flashi, na hakuna aliyeiba. Kuna faida nyingine ambayo watu hawaizungumzii sana: kampuni ikifunga au ikibadilisha masharti, msimbo unabaki kwa watu na wengine wanaweza kuuendeleza.

Audacity ndiyo ya kuanzia

Audacity ilianzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na ikatoka kwa watu mwaka 2000. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Mwaka 2021 ilichukuliwa na kampuni ya Muse Group, na mwaka huohuo watumiaji walilalamika sana kuhusu sera mpya ya faragha. Kampuni ikalazimika kuiandika upya. Programu yenyewe imebaki huria.

Mambo mawili ya kuangalia unapopakua. Tovuti yao ni audacityteam.org, siyo nyingine. Ukifika pale utaona pia kitufe cha kupakua kupitia Muse Hub. Hukihitaji, chagua Audacity peke yake. Faili ni dogo, si la kumaliza bando la wiki.

La pili: Audacity haina toleo la simu. Ukiona app ya Android yenye jina hilo, siyo yao, iache.

Laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 4 inatosha kabisa kukata na kusafisha mahojiano. Kama Windows yake imechoka, muombe fundi aweke Linux, mfano Ubuntu au Mint. Humo Audacity unaipata ndani ya duka la programu bila kuzunguka mtandaoni.

Kazi kubwa iko kwenye chumba

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani programu itarekebisha kila kitu baadaye. Hairekebishi.

Adui namba moja Mkuyuni ni bati. Mvua ya masika ikianza kupiga, hata maiki ya bei mbaya haitakusaidia, kwa sababu sauti ya mvua inakaa palepale inapokaa sauti ya mtu. Ukiiondoa, unamwondoa na mzee. Ukiona wingu limeshika mlima, ahirisha. Kunywa chai, piga stori, lakini usirekodi.

Adui namba mbili ni mashine ya kusaga na bodaboda. Ukikaa barazani mbele ya barabara iendayo Kisaki utapata pikipiki kila baada ya sentensi mbili. Nenda uani, au ingia chumbani.

Halafu kuna jogoo. Jogoo mmoja wa mbali siyo tatizo, mimi huwa namwacha, maana anamwambia msikilizaji tuko wapi. Jogoo wa dirishani ndiye wa kumhamisha.

Saa nzuri? Usiku watu wanadhani kuko kimya, kumbe nyenje na vyura wanapiga kelele kuliko mchana. Kwa uzoefu wangu, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi ndiyo poa. Watu wako shamba, watoto wako shule, na mashine ya kusaga mara nyingi haijaanza kazi kubwa. Waulize wenyeji wa nyumba kuhusu mashine, wanajua ratiba yake kuliko wewe. Na uliza saa za sala, ili adhana isikukute katikati ya kisa.

Chumba kizuri ni kile chenye vitu laini. Chumba cha kulala chenye godoro, nguo zilizotundikwa na pazia zito kinashinda sebule kubwa ya sakafu ya saruji. Saruji na kuta tupu zinarudisha sauti, inasikika kama mtu anaongea ndani ya pipa. Kama huna budi kukaa sebuleni, tandika mkeka, tundika blanketi au kanga mbili tatu ukutani nyuma ya msemaji na nyuma ya simu. Piga kofi moja. Ukisikia mlio unarudi, ongeza nguo.

Simu yako kama maiki

Tumia app ya kurekodi iliyokuja na simu, au ya huria kama Fossify Voice Recorder. Kabla ya kuanza, fanya hivi.

Weka simu kwenye hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya kisa umepoteza kisa. Chomoa chaja, maana chaja nyingi zinaleta mngurumo ambao hutausikia mpaka umefika nyumbani. Angalia nafasi iliyobaki kwenye simu.

Kwenye mipangilio ya app, kama kuna WAV, chagua WAV. Kama hakuna, chagua ubora wa juu kabisa. WAV ya maiki moja kwa kiwango cha kawaida cha 44,100 Hz na biti 16 inakula kama MB 5.3 kwa dakika. Saa nzima ni kama MB 318. Inaonekana kubwa, ila flashi ya GB 8 inabeba karibu saa 25 za mazungumzo.

Maiki ya simu kwa kawaida iko chini, karibu na tundu la chaja. Elekeza upande huo kwa msemaji, umbali wa shubiri moja hivi kutoka mdomoni, lakini pembeni kidogo, siyo mbele moja kwa moja. Ikiwa mbele, kila herufi ya "p" na "b" inapiga kama ngumi. Usiishike mkononi. Iweke juu ya kanga iliyokunjwa kwenye stuli, na stuli hiyo isiguswe na mtu. Mzee akizoea kugonga meza akisimulia, na wengi wanagonga, simu isikae kwenye meza hiyo.

Kiwango cha sauti: mstari ucheze katikati, usifike juu kabisa. Sauti ndogo inaweza kuongezwa baadaye. Sauti iliyopasuka haiponi.

Kama mko wawili na mna simu mbili, kila mtu arekodi kwa simu yake. Mwanzoni piga kofi moja kali. Kwenye laptopu utaona mlima mdogo wa kofi kwenye kila faili, unailinganisha hiyo milima na sauti zinaenda pamoja. Simu mbili zinaweza kupishana taratibu, kwa hiyo kwa mazungumzo marefu piga kofi lingine mwishoni.

Sasa jambo ambalo wengi wanaliruka: kabla ya swali la kwanza, rekodi sekunde kumi za ukimya. Kila mtu anyamaze. Huo ukimya una kazi, tutauona. Kisha sema kwa kinywa tarehe, mahali, jina la anayesimulia na jina lako. Karatasi hupotea na jina la faili hubadilishwa, lakini maneno yaliyo ndani ya sauti yenyewe yanabaki.

Kutoka simu kwenda laptopu

Tumia waya wa USB. Usijirekodi moja kwa moja kwa vois nouti ya WhatsApp halafu ukategemea iwe kazi ya kuhifadhi, maana inabanwa sana ili iende haraka. Ukilazimika kutuma faili kwa WhatsApp, litume kama dokumenti, hapo linafika jinsi lilivyo.

Kama simu yako ilirekodi kwa mfumo wa m4a, Audacity kwenye Windows inaweza kukataa kulifungua mpaka uongeze FFmpeg, ambayo nayo ni programu huria. Maelezo ya kuiweka yapo kwenye tovuti ileile ya Audacity.

Kabla ya kukata chochote, nakili faili la kwanza sehemu mbili tofauti. Flashi moja, na kadi ya simu ya mtu mwingine, ikiwezekana anayekaa mji mwingine kabisa. Hili faili la kwanza huligusi tena. Lipe jina linaloeleweka, lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha mahali, kisha habari yenyewe. "Rekodi mpya 7" haitakuambia kitu baada ya miaka mitano.

Ndani ya Audacity

Lileta faili lako ndani kwa kulivuta na kuliachia kwenye dirisha. Utaona mawimbi. Pale palipo bapa ni ukimya, penye milima ni maneno. Hifadhi mradi mara moja kwa Ctrl+S, usisubiri. Umeme ukikatika, Audacity mara nyingi itakurudishia kazi ukiifungua tena, lakini usiitegemee bahati hiyo.

Anza na kelele. Chagua kwa mausi zile sekunde kumi za ukimya. Nenda kwenye menyu ya Effect, tafuta Noise Reduction, bonyeza Get Noise Profile. Umeifundisha programu mvumo wa chumba ulivyo. Sasa chagua faili zima, rudi palepale, na punguza kati ya 6 na 12 dB. Usizidishe. Ukienda 24 mzee ataanza kusikika kama yuko chini ya maji, na hilo linachosha kusikiliza kuliko kelele yenyewe.

Baada ya hapo weka High-Pass Filter kwenye 80 Hz. Inakata mngurumo wa chini, wa upepo na magari ya mbali, bila kumgusa mtu anayeongea.

Kisha kukata. Ondoa pale mlipokatizwa na mgeni, pale ulipouliza swali mara mbili. Lakini usikate kila pumzi na kila "aaa". Mtu mzima anaposimulia ananyamaza kwa sababu anakumbuka. Ukiziba zile nafasi anasikika kama mtangazaji wa matangazo ya soda. Hapa naomba uwe mvivu.

Kama sauti inapanda na kushuka, tumia Compressor kidogo, halafu Normalize iwe -1 dB. Ukitaka kupeleka kazi kwenye majukwaa ya podikasti, kuna Loudness Normalization, weka -16 LUFS.

Mwisho, toa nakala mbili kwa Export Audio. WAV ya kuhifadhi, na MP3 ya kugawa. MP3 ya 64 kbps kwa maiki moja inatosha kwa mazungumzo: saa nzima ni kama MB 29, mtu wa bando dogo anaweza kuipakua. Kwa muziki panda hadi 128 au zaidi. Faili la mradi lenye herufi aup3 linafunguliwa na Audacity tu, kwa hiyo lisiwe nakala yako pekee.

Sikiliza yote kwa hedifoni mara moja, halafu kwa spika ya simu mara moja. Wasikilizaji wako wengi wako kwenye spika ya simu.

Ukitaka biti

Audacity siyo ya kutengeneza biti. Kwa hilo jaribu LMMS, nayo ni huria na bure. Ina ngoma, besi na kinanda ndani yake. Kasoro yake ni kwamba toleo lake la kawaida halirekodi sauti ya mtu, kwa hiyo unatengeneza biti LMMS, unaitoa kama WAV, unaipeleka Audacity na kuimba juu yake. Imba na hedifoni masikioni, la sivyo biti itaingia tena kwenye maiki.

LMMS inafunguka ikiwa imewekwa nne kwa nne. Ngoma nyingi za kwetu hazikai hapo, zinaviringika kwa tatu tatu. Juu kwenye dirisha kuna sehemu ya kubadilisha, weka 12/8 ujaribu. Ndiyo sababu biti nyingi za "asili" zinasikika ngumu, mtengenezaji hakugusa hiyo namba.

Kuna pia Ardour, iliyoanzishwa na Paul Davis, kwa watu wanaorekodi vyombo vingi kwa pamoja. Ni programu ya kazi nzito. Msimbo wake ni wa bure, lakini toleo lililo tayari kwenye tovuti yao unalichangia pesa; ukiwa na Linux unaweza kuipata bila malipo kwenye duka la programu. Siyo ya kuanzia. Irudie mwakani.

Ukijiona huna vifaa, kumbuka Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Enzi za RTD bendi ilipiga wimbo mzima pamoja, bila anasa ya kurudia mstari mmoja mmoja kama sisi. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, akiwa na miaka 34. Tunamsikia leo kwa sababu kuna mkanda uliokuwa unazunguka siku ile.

Ruhusa kabla ya kubonyeza

Amkia kwanza, kaa, eleza unarekodi nini na itakwenda wapi. Mtandaoni siyo sawa na kusikilizwa na wajukuu nyumbani, na bibi ana haki ya kukubali kimoja na kukataa kingine. Rekodi na jibu lake.

Si kila wimbo ni wa kurekodiwa. Nyimbo za kumcheza mwali zina watu wake na mahali pake. Kama wewe ni mwanaume na umeambiwa hapana, ni hapana. Dada yako akiruhusiwa kurekodi kwa ajili ya ukoo, faili hilo libaki kwa wanawake wa ukoo.

Kwenye upande wa sheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi yako na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, kwa hiyo kuchukua wimbo wa kijiji na kuufanyia biashara kunahitaji kibali. Kazi yako mwenyewe unaweza kuisajili COSOTA. Na kama podikasti yako itagusa habari na matukio, soma kwanza kanuni za maudhui ya mtandaoni kwenye tovuti ya TCRA. Zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu mwaka 2018, usitegemee ulichosikia kwa rafiki.

Kabla ya kuiachia hewani, rudi na spika ndogo umsikilizishe mwenyewe. Karibu kila mara atasema "hapana, jina siyo hilo" au ataongeza kipande alichokisahau. Washa simu tena, rekodi hayo marekebisho kama faili jipya lenye tarehe yake. La kwanza usilifute.